Premio ya 2016 kutoka Japani, sijaiona kwa macho: nikague nini kabla ya kutuma hela?

Nyakahoja_Mwz

Wakuu, habari za jioni. Dada yenu nipo Mwanza. Nataka kuagiza Toyota Premio NZT260, injini 1NZ-FE, cc 1,496, moja kwa moja kutoka Japani kwa njia ya mtandao. Tangazo linasema: mwaka 2016, kilomita 58,000, gredi 4.5, rangi ya fedha. Picha zipo 24, zote za bodi na viti, hakuna hata moja ya chini ya gari. Muuzaji ameshanitumia profoma (ankara ya awali) ya C&F, yaani bei ya gari pamoja na nauli ya meli, hadi Dar na anasema nilipe ndani ya saa 48, vinginevyo gari linakwenda kwa mteja mwingine.

Sina ndugu Japani wa kwenda kuliangalia. Naomba mnisaidie mambo matatu: nitajuaje kampuni ipo kweli, nitajuaje gari lina hali inayosemwa, na ushuru nitaupigaje hesabu nisije nikakwama bandarini. Naomba majibu ya hatua kwa hatua, nisome huku nalinganisha na nilichotumiwa.

Mizani_Tz

Dada, anza na hela. Gari bovu linatengenezeka, lakini dola zikishaingia kwenye akaunti ya tapeli hazirudi. Na hizo saa 48 zisikuhangaishe. Muuzaji wa kweli hulishikilia gari siku kadhaa kwa profoma, na akiliuza, Premio za fedha Japani hazijaisha.

Kampuni kwanza. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba ya kampuni yenye tarakimu 13. Mwombe muuzaji namba hiyo, kisha uitafute kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi ya Japani. Ni bure. Ukurasa ukiwa wa Kijapani, utafsiri kwa simu. Unachotafuta ni jina na anwani vifanane na vya kwenye profoma. Mwombe pia namba ya leseni ya kuuza vitu vilivyotumika, ile inayotolewa kupitia polisi wa mkoa, ina tarakimu 12. Halafu angalia kama yumo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika wa Japani. Kutokuwemo peke yake si ushahidi wa utapeli. Lakini akisema yumo na jina halipo, hapo ushapata jibu lako.

Tovuti nayo isome herufi kwa herufi. Matapeli huchukua jina la kampuni kubwa na kuongeza kistari, au herufi moja, au kubadilisha mwisho wa anwani. Picha na bei hunakiliwa zilezile. Usiingie kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp, andika anwani mwenyewe.

Sasa profoma. Soma sehemu ya benki kabla ya kusoma bei. Jina la mwenye akaunti lazima liwe jina la kampuni iliyoandikwa juu ya profoma, neno kwa neno. Jina la mtu binafsi, au kampuni nyingine inayoitwa "wakala wetu wa mapokezi", usilipe. Kisha angalia namba ya SWIFT. Ina herufi 8 au 11: nne za kwanza ni benki, ya tano na ya sita ni nchi. Chukua BOTKJPJT: BOTK ndiyo benki (MUFG), JP ni Japani. Ukikuta herufi nyingine mahali pa JP, hela yako haiendi Japani. Na Japani hawatumii IBAN, kwa hiyo ukiletewa akaunti "ya Japani" yenye IBAN, hiyo ni ya nchi nyingine. Wapo wasafirishaji wakubwa wenye akaunti kwenye benki za hapa kwetu, na hilo si tatizo, mradi jina libaki la kampuni yenyewe na akaunti hiyo iwe imetajwa kwenye tovuti yao halisi.

Siku ya kulipa, ukipata barua pepe ya "tumebadilisha benki, tumia akaunti hii", simama hapohapo. Wizi wa aina hii unatokea hata kwa kampuni halali, kwa sababu barua pepe ya upande mmoja imedukuliwa na mwizi anasubiri siku ya profoma. Piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti, si ile iliyo ndani ya hiyo barua pepe, uwasomee namba ya akaunti wakuthibitishie.

Kwenye fomu ya benki chagua makato yawe OUR, yaani unayalipa wewe yote. Ukiweka SHA, benki za katikati zinakata dola kadhaa njiani, muuzaji anapokea pungufu na hati zinakaa mpaka umalizie. Sehemu ya maelezo weka namba ya profoma na namba ya chesisi. Nakala ya SWIFT uitunze.

Gredi_na_Chesisi

Naongezea kwenye gari lenyewe.

Hiyo 4.5 ya kwenye tangazo usiihesabu mpaka uone karatasi ya mnada. Magari mengi yanayosafirishwa kutoka Japani hupita kwenye minada ya wafanyabiashara, na kila moja hukaguliwa na mkaguzi wa mnada, si wa muuzaji. Mkaguzi anajaza karatasi moja yenye gredi, kilomita, mchoro wa gari uliojaa alama, na maelezo kwa Kijapani. Muuzaji anayo. Omba nakala nzima, kona zote nne zionekane, isiwe imekatwa, isiwe "tafsiri yetu". Karatasi ikiwa imefichwa upande mmoja, kwa kawaida upande huo ndio wenye habari.

Kuisoma:

Mwaka huandikwa kwa enzi za wafalme wao. Ukiona H28 au 28 tu, ni Heisei, jumlisha 1988, unapata 2016. Ukiona R5, ni Reiwa, jumlisha 2018, unapata 2023.

Gredi 5 na 4.5 ni gari safi, 4 ni zuri lenye mikwaruzo ya kawaida, 3.5 lina kazi ya rangi na mabonde. R au RA maana yake limegongwa kwenye mifupa ya bodi na kutengenezwa. Herufi za A hadi D ni za ndani: viti, dari, dashibodi. Minada haifanani kwa ukali, kwa hiyo 3.5 ya mnada mkali inaweza kuwa gari bora kuliko 4 ya mnada mlegevu. Ndiyo maana mchoro una maana kuliko namba.

Kwenye mchoro: A ni mkwaruzo, U ni bonde, B ni bonde lenye mkwaruzo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu ya juu, C ni kutu iliyokula bati, X ni cha kubadilisha, XX ni kimeshabadilishwa, Y ni ufa. Namba inayofuata ni ukubwa: A1 hutaiona ukiwa umesimama hatua mbili, A3 utaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Maneno matatu ya Kijapani nakili uyaweke kwenye simu, uyalinganishe na karatasi kwa macho: 修復歴 ni historia ya matengenezo ya ajali, na jirani yake huwa 有 (ipo) au 無 (haipo). 冠水 ni gari lililozama kwenye maji. サビ ni kutu, na 下廻りサビ ni kutu ya chini ya gari.

Jambo moja linalowachanganya wengi: kwa hesabu ya Kijapani, "historia ya ajali" ni kuumia kwa mifupa ya bodi. Boneti, bampa, fenda za mbele na milango ni vitu vya kufungwa kwa bolti, vikibadilishwa vyote gari bado halipewi R. Kwa hiyo 無 isikufanye uache kutazama mchoro.

Kilomita hazithibitishwi kwa picha ya dashibodi. Zinathibitishwa kwa cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Hiyo ni hati ya serikali ya Japani, na ina mstari wa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari. Magari ya kawaida kule hukaguliwa miaka 3 baada ya kununuliwa mapya na kila baada ya miaka 2 baadaye, kwa hiyo kuna kumbukumbu. Kilomita za leo zikiwa chache kuliko za ukaguzi uliopita, mita imerudishwa nyuma, hakuna maelezo mengine ya kuaminika. Mwombe pia picha ya nguzo ya mlango wa dereva, mlango ukiwa wazi: gereji za Kijapani hubandika hapo stika ndogo yenye tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Wanaorudisha mita mara nyingi wanasahau kuibandua.

Picha na video za kuomba, na asikuambie haiwezekani, gari lipo kwenye yadi na simu anayo:

Chini ya gari mbele na nyuma, zionekane bomba za breki, mikono ya saspensheni na viungio vya ekzosi. Magari ya mikoa ya theluji kama Hokkaido na Niigata hutembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na chumvi inaanza kula mabomba ya breki na bolti wakati bodi juu bado inang'aa. Shimo la spea tairi, zulia likiwa limenyanyuliwa. Reli za viti na mkanda wa usalama ukiwa umevutwa wote hadi mwisho: tope kavu au mstari wa doa kwenye mkanda ni gari la mafuriko.

Video ya kuwasha injini ikiwa baridi, dakika tatu bila kukatwa. Aanze kwa kugusa injini kwa mkono na kuonyesha taa zote za dashibodi zinawaka funguo inapozungushwa kisha zinazima. Taa ya injini isiyowaka kabisa hapo mwanzo imechomolewa. Kwa 1NZ-FE sikiliza sekunde za mwanzo: kelele ya mnyororo ikizidi sekunde moja au mbili, oili haikuwa inabadilishwa kwa wakati. Halafu aweke D, aachie breki, gari litembee taratibu, kisha R. Gia ya CVT (otomatiki isiyo na hatua) ikitikisika au kuvuta kwa kuchelewa, achana nalo, gharama ya CVT hapa nchini inakula faida yote ya kuagiza. Mwisho kifuniko cha oili kwa ndani: utelezi mweusi mnene ni habari mbaya.

Yadi_za_Dar

Maoni tofauti kidogo. Kama tofauti ya bei ni ndogo, nunua yadi Dar ukiwa na fundi, uliendeshe, ulipime kwa mashine. Ila usidhani kuliona kunatosha. Magari ya yadi yametoka kwenye minada ileile, na yaliyonunuliwa ya gredi R huletwa kwa sababu yana faida kubwa. Mwambie mwenye yadi akupe karatasi ya mnada na cheti cha Japani kama ambavyo ungemwambia wa mtandaoni.

Nyakahoja_Mwz

Asanteni sana. Nimeomba, karatasi imekuja baada ya kuomba mara mbili. Nanakili ninachokiona:

Juu kulia gredi ni 4, si 4.5. Ndani B. Mwaka umeandikwa 28, mwezi 2. Kilomita 83,412. 修復歴 無. Mchoro: boneti XX, fenda ya mbele kulia W2, mlango wa nyuma kushoto U2, bampa la nyuma A2. Kwenye maelezo kuna yale maneno ya 下廻りサビ.

Benki: jina la akaunti ni la mtu, na SWIFT ina HK pale penye JP.

Gredi_na_Chesisi

Dada, karatasi imekusaidia sana. Twende moja moja.

Kilomita 83,412 kwenye mnada, 58,000 kwenye tangazo. Mita haiwezi kupungua baada ya mnada. 1NZ-FE yenye 83,000 si tatizo hata kidogo, inatembea zaidi ya mara mbili ya hapo ikitunzwa. Tatizo ni kwamba mtu huyu amebadilisha namba mbili, kilomita na gredi, na zote kwa upande unaompa bei kubwa.

XX ya boneti na W2 ya fenda ya mbele kulia zinasomwa pamoja. Gari limepigwa mbele kulia. Halijapewa R, maana yake mkaguzi hakuona mifupa imeumia, lakini wewe utataka picha ya fremu inayoshika rejeta na ya bolti za bawaba za boneti. Rangi ya kiwandani kwenye kichwa cha bolti huwa nzima. Ikiwa imechanika kwenye kona za bolti, kitu kilifunguliwa. Boneti imefunguliwa, hilo tunajua. Unachotaka kujua ni kama fremu ya rejeta nayo imefunguliwa au kunyooshwa, na kama nafasi kati ya taa na fenda kulia inalingana na kushoto.

U2 ya mlango na A2 ya bampa puuza, ni kazi ya fundi bodi wa mtaani.

下廻りサビ ndiyo ningeifuatilia kuliko zote. Bila picha za chini huwezi kujua kama ni vumbi la kutu kwenye ekzosi, ambalo kila gari linalo, au bomba za breki zinazoanza kumenyeka.

Mizani_Tz

Kwa upande wa benki sina cha kuongeza. Jina la mtu na HK: usitume hata senti moja, hata ya kushikilia gari. Mwandikie hivi tu: "Naomba profoma mpya yenye akaunti ya kampuni iliyoko Japani, na kilomita zilizo kwenye karatasi ya mnada." Majibu yake yatakuonyesha.

Bandarini_DSM

Niingie kwenye ushuru, kwa sababu hapo kwenye "28, mwezi 2" kuna mtego ambao haujatajwa.

Karatasi za Japani zinaonyesha tarehe ya kuandikishwa mara ya kwanza. TRA (Mamlaka ya Mapato) inatazama mwaka wa kutengenezwa. Gari lililoandikishwa Februari 2016 linaweza kuwa limetoka kiwandani Novemba au Desemba 2015. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya chesisi kwenye katalogi za vipuri za Toyota zilizopo mtandaoni, zitakupa mwezi wa kutengenezwa. Lebo ya chini ya mkanda wa usalama nayo huwa na tarehe ya mkanda, inasaidia kulinganisha.

Kwa nini mwezi mmoja una uzito? Ushuru wa bidhaa kwa ajili ya umri: gari dogo la abiria la miaka 8 hadi 10 hutozwa 15%, la zaidi ya miaka 10 hutozwa 30%. Ukiliingiza 2026, la 2016 lina miaka 10, la 2015 lina 11.

Hesabu yenyewe. Tuseme mfumo wa TRA wa kuthamini magari yaliyotumika umelikadiria gari thamani ya CIF (bei, bima na nauli ya meli) ya dola 6,000 (namba ya mfano):

Ushuru wa forodha 25%: dola 1,500. Jumla inakuwa 7,500.
Ushuru wa bidhaa kwa cc 1,001 hadi 2,000 ni 5% ya 7,500: dola 375.
Umri, 15% ya 7,500: dola 1,125.
VAT 18% ya jumla yote (9,000): dola 1,620.
Jumla: dola 4,620.

Likihesabiwa la 2015, umri unakuwa dola 2,250, VAT inapanda hadi 1,822.50, jumla 5,947.50. Tofauti ni dola 1,327.50 kwa gari lilelile. Juu ya hapo ongeza ada ya kushughulikia forodha 0.6%, tozo ya reli, usajili na namba, gharama za bandari, za wakala wa meli na za wakala wako. Viwango hubadilishwa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha TRA siku unayotaka kulipa, si kabla, upige picha ya majibu.

Na kalenda ina sehemu yake. Meli kutoka Yokohama hadi Dar kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, na muuzaji anaweza kusubiri nafasi ya meli wiki kadhaa kabla ya hapo. Gari linalopakiwa mwishoni mwa Novemba linaweza kufika Januari, na likifika Januari limeongezeka mwaka. Gari lililo ukingoni mwa miaka 8 au 10 usiliagize baada ya Septemba.

TRA inatumia thamani yake, si bei ya ankara yako. Muuzaji akikwambia atakuandikia ankara ya bei ndogo, haikupunguzii ushuru, na siku gari likiharibika melini bima itakulipa hiyo bei ndogo.

Hati ambazo lazima zifike mkononi mwako: B/L halisi, yaani hati ya shehena ya kampuni ya meli (huwa nakala 3), cheti cha Japani na tafsiri yake ya Kiingereza, na ankara. Jina la mpokeaji kwenye B/L liwe sawasawa na jina la TIN yako, herufi moja ikikosewa unalipia marekebisho huku siku za bandari zinahesabika. Mtake muuzaji akutumie rasimu ya B/L kabla haijatolewa, usome jina, namba ya chesisi na bandari. Ikishatolewa, ingiza namba ya B/L kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe. B/L ya kughushi haitaonekana hapo, na ni njia ya haraka kuliko zote ya kumjua mwongo.

Hati zikifika mpe wakala wa forodha mara moja, tamko linaweza kuwasilishwa kabla meli haijatia nanga. Lipa kwa namba ya malipo yenye jina lako, usimpe wakala hela ya ushuru mkononi. Na muulize kabla gari halijapakiwa kama ukaguzi wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwa gari lako unafanyika Japani au Dar, utaratibu huo umewahi kuhamishwa, na kosa hapo lina faini.

Kongowea254

Kwa wanaosoma kutoka Kenya, msifuate hesabu ya hapo juu. Kwetu gari la zaidi ya miaka 8 haliingii kabisa, na kinachohesabiwa ni mwaka wa kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa 2026 ni gari la 2019 kuendelea, hivyo Premio hii Mombasa haishuki. Pengo kati ya mwaka wa kutengenezwa na wa kuandikishwa lisipite mmoja. Kiwango chenyewe ni KS 1515:2000. Ukaguzi wa KEBS (shirika la viwango la Kenya) hufanywa kabla ya gari kupakiwa, na cheti chake lazima kiwe na namba ya chesisi ileile. Muuzaji akikwambia mtakagua Mombasa, mwambie hapana.

Gredi_na_Chesisi

Kwa siku ya kulichukua gari, dada, haya yaandike pembeni mapema.

Kabla ya kusaini hati ya kupokea, zunguka gari ukiwa na picha za muuzaji kwenye simu. Vinavyopotea njiani ni spea tairi, jeki na spana yake, redio, vioo vya pembeni, funguo ya pili, na wakati mwingine betri nzuri imebadilishwa na mbovu. Kilichokosekana kiandikwe kwenye hati hapohapo, ukishatoka geti hakuna atakayekusikiliza. Kwenye meli za kuendesha magari ndani usimruhusu muuzaji akuwekee vipuri ndani ya buti, vitapotea.

Usimruhusu mtu achomoe betri ovyo. Redio nyingi za Toyota za Japani, zile zinazoanza na NSZT au NSCP, zikikosa umeme zinajifunga na kudai namba ya kufungulia. Na kadi ndogo ya ramani ikiwa imechomolewa, redio haiwaki kabisa, inaonyesha maandishi ya Kijapani ya kudai kadi. Muulize muuzaji kama kadi ipo, apige picha. Masafa ya FM ya kule huanzia 76, kwa hiyo hata redio ikiwaka, stesheni nyingi za kwetu hutazipata bila kifaa cha kubadilisha masafa.

Tairi zitazame ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2218 ni wiki ya 22 ya 2018. Zikiwa zimeandikwa STUDLESS, hizo ni za theluji, mpira wake ni laini, kwenye lami ya joto zinaisha upesi na mvua ikinyesha breki zinachelewa. Usisafiri nazo hadi Mwanza. Badilisha Dar zote nne.

Kabla ya safari hiyo badilisha oili ya injini na filta, kagua maji ya rejeta na mkanda wa nje wa injini. Mafuta ya CVT yawe ya CVT ya Toyota, aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Fundi akikuambia ATF ya kawaida (mafuta ya gia otomatiki za kawaida) inatosha, tafuta fundi mwingine.

Nyakahoja_Mwz

Wakuu, nimemwandikia kama alivyosema Mizani. Amejibu kwamba akaunti ya Japani "ipo kwenye ukaguzi" na ameshusha bei dola 400 nikilipa leo. Picha za chini hajatuma. Nimeacha.

Nimepata nyingine, gredi 3.5, kilomita 97,000, karatasi ya mnada ipo kwenye tangazo lenyewe. Mchoro una A2 nyingi na W1 mlango wa dereva, 修復歴 無, sioni サビ popote. Mwaka 29, mwezi 6. Akaunti ni ya kampuni, JP ipo. Namba ya tarakimu 13 nimeiona, anwani inafanana.

Gredi_na_Chesisi

29 ni 2017, na mwezi wa 6 unakuweka mbali na mtego wa Desemba, ila thibitisha kwa chesisi. Karatasi hiyo ni ya gari lililotumika kwa uaminifu: mikwaruzo ya maegesho, mlango mmoja umepakwa rangi vizuri. Omba picha za chini, stika ya nguzo ya mlango na video ya injini baridi. Vikija vyote vitatu, mwombe profoma.

Bandarini_DSM

Na kwenye hiyo profoma, kabla hujasaini, jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye TIN.